Habari za Mashine ya Kukatia Majani

Kabla ya mwaka 1830, mwenye uwanja mkubwa wa majani huko Uingereza hakuwa na mashine ya kuchagua. Alikuwa na kondoo, au alikuwa na watu. Kondoo walilisha nyasi zikawa fupi, lakini waliacha samadi pale pale walipopita mabibi na nguo zao ndefu. Watu nao walikuja alfajiri na miundu yao mirefu ya mpini, umande ungali juu ya majani, kwa sababu jani lililolowa husimama mbele ya makali, na jani kavu huinama. Nyuma yao walifuata wengine, wakikusanya yaliyokatwa. Kwa hiyo uwanja laini ulikuwa alama ya utajiri: kila aliyeutazama alijua ya kuwa mwenye nyumba aweza kulipa mikono mingi kwa kazi isiyozaa chakula.

Aliyeivunja desturi hiyo hakuwa mkulima wala mtunza bustani. Edwin Budding alikuwa fundi wa mitambo karibu na mji wa Stroud, katika jimbo la Gloucestershire, mahali palipojulikana kwa viwanda vya nguo za sufu. Katika viwanda hivyo mlikuwamo mtambo wenye visu vilivyojipinda kuzunguka mhimili, na kazi yake ilikuwa kunyoa nyuzi zilizosimama juu ya nguo, ipate kuwa laini. Budding alitazama nguo ikinyolewa, akawaza majani. Akashirikiana na John Ferrabee, mwenye kiwanda cha kusubu chuma, akapata hataza yake mwaka 1830. Husimuliwa kwamba aliijaribu mashine usiku, asije akachekwa na majirani.

Mashine ile ilikuwa chuma kitupu, na upana wa kukata ulikuwa inchi 19, yaani sentimeta 48 hivi. Mtu mmoja alisukuma kwa nyuma, na mwingine aliweza kusaidia kwa kuvuta mbele. Gurudumu pana la nyuma lilivizungusha visu kwa njia ya gia, navyo vikayabana majani juu ya kisu kisichosogea, yakakatika kama kwa mkasi. Bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza, na vyuo vya Oxford pia.

Hapo ndipo taabu ya kuchagua ilipoanza. Msomaji na ashike kalamu, apige hesabu ya uwanja wa mpira wenye urefu wa meta 100 na upana wa meta 64. Kwa visu vya sentimeta 48 atauvuka uwanja ule mara 134, naye atakuwa ametembea zaidi ya kilometa 13 akisukuma chuma. Visu vikiwa na upana wa meta moja, mwendo wapungua hata kilometa 6 na kidogo. Lakini ni nani atakayesukuma chuma cha upana huo? Katika miaka ya 1840 Alexander Shanks wa Arbroath, Uskoti, alijibu swali hilo kwa farasi mdogo. Farasi hao walivishwa viatu vya ngozi ili kwato zisichimbe uwanja! Mwaka 1859 Thomas Green wa Leeds alitumia mnyororo mahali pa gia, na kelele zikapungua. Mwaka 1893 James Sumner wa Lancashire alitengeneza mashine ya mvuke, lakini ilikuwa nzito mno, na mtu alilazimika kungoja sana maji yapate moto. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilitoa mashine ya petroli. Hata hivyo kondoo hawakusahauliwa: wakati wa vita kuu ya kwanza Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliwalisha kondoo mbele ya White House, ili watu waliokata majani waende kwenye kazi nyingine.

Ukoo wa pili wa mashine ulienea katika karne ya 20. Huo hauna mkasi. Kisu kimoja hulala chini ya kifuniko, kikazungushwa na injini kwa kasi kubwa, kikayapiga majani kama fyekeo lipigavyo. Mwaka 1952 Mervyn Victor Richardson wa Sydney, Australia, aliunda mashine ya namna hiyo, na tangi la petroli la ile ya kwanza lilikuwa mkebe wa matunda. Kisu cha kulala huchana ncha za majani zikakauka rangi, nacho hula petroli. Lakini hakiogopi majani marefu. Mkasi wa Budding hukata vizuri zaidi, ila wataka uwanja sawasawa usio na mawe, na majani ambayo hayajapita kimo.

Sharti hilo la mwisho si dogo katika nchi yetu. Nyasi za Kikuyu, zilizotoka katika milima yetu zikapelekwa Australia, Afrika Kusini na Kalifornia, hutambaa na kufumana kama mkeka. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, kamati ilinunua mashine ndogo ya mkasi, ya kusukumwa kwa mkono, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na picha yake ilipendeza. Mzee aliyetunza bustani aliizunguka mara moja, akaniambia, "Mwalimu, hii ni ya kinyozi. Sisi tuna shamba." Hakuna aliyekuwa amemwuliza kabla ya kununua, nami nilikuwa katika kamati ile. Mvua za Aprili zilipofika, nyasi zilipanda wiki mbili bila kukatwa, visu vikakwama, mpini ukamrudia mzee tumboni. Wanafunzi wakashika mafyekeo tena, na wale waliochelewa darasani wakapewa eneo kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata tulinunua mashine ya injini yenye kisu cha kulala. Safari hii mzee alikwenda dukani pamoja nasi, akainama, akapima upana wa kisu kwa shubiri zake, ndipo akauliza bei.