Runinga ya Nyumbani Ugenini: Historia ya Maneno Yake

Miaka michache iliyopita binamu yangu wa Dar es Salaam alimnunulia king'amuzi shangazi yetu aishiye Muscat. Alikuwa amesoma katika tangazo la duka kwamba chombo hicho huonyesha chaneli zote za nyumbani popote alipo mtazamaji. Shangazi alikiunganisha na runinga yake, akangoja, asione kitu. Kilikuwa chombo cha kunasa mawimbi ya minara iliyo juu ya ardhi, na mawimbi ya minara ya Dar es Salaam hayafiki Muscat. Alichohitaji ni kisanduku cha kupokea picha kwa njia ya intaneti. Vyombo hivyo viwili hufanana kwa sura, na katika tangazo lile vilipewa jina moja. Nilipompigia simu kumwomba radhi, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa maneno, alinijibu: "Mwanangu, nyinyi mnaotunga maneno mngetuuliza kwanza sisi tunaoyanunua."

Lawama hiyo ni ya haki, nayo ndiyo iliyonifanya nifuatilie historia ya istilahi zinazohusika.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba hamu ya kutazama runinga ya nyumbani ukiwa ugenini si ya kale kama tunavyodhani. Wengi walioondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 hawakuwa na runinga ya kuikumbuka. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, na huko Tanzania Bara wananchi walingoja hadi mwaka 1994, ilipoanza ITV. Wakenya walitangulia, kwani walikuwa na televisheni tangu 1962. Kwa hiyo, kwa kizazi cha kwanza cha walio mbali, sauti ya nyumbani ilikuwa redio ya mawimbi mafupi. Hata Kiswahili walichokisikia humo aghalabu kilitoka ugenini, kwa mfano katika idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957.

Kisha zikaja kanda za video, zilizobebwa katika masanduku ya wasafiri pamoja na karafuu na vitenge. Kanda ya harusi iliyorekodiwa Unguja ilionekana vizuri Muscat na London, maana kote huko ulitumika mfumo wa rangi uitwao PAL. Ilipofika Toronto au New York, ambako ulitumika mfumo wa NTSC, haikufaa mpaka ibadilishwe. Huenda hapo ndipo watu wetu walipojifunza mara ya kwanza kwamba picha nayo ina lugha yake, na kwamba chombo kisichoijua lugha hiyo ni bubu.

Wazo hilo ndilo lililomo katika neno king'amuzi. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na chombo kinachopokea mawimbi yasiyosomeka kikayageuza kuwa picha hakika hung'amua. Neno hili lilienea sana Tanzania wakati wa kuhama kutoka mfumo wa analojia kwenda dijitali, mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilipozimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 ulikuwa umeweka Juni 2015 kuwa ukomo, hivyo Tanzania ilitangulia kwa zaidi ya miaka miwili. Ghafla kila nyumba yenye runinga ikahitaji neno hilo. Baadaye maandishi ya kiserikali yakaelekea kwenye kisimbuzi, kutokana na kusimbua, yaani kufumbua kilichosimbwa. Mimi nalipenda zaidi king'amuzi kwa ladha yake, lakini nakiri kwamba kisimbuzi ni jina barabara zaidi, kwa kuwa lina jamaa zake: msimbo, kusimba, usimbuaji. Istilahi isiyo na jamaa hufa mapema.

Kosa la tangazo lile lilikuwa kulitumia neno hili kwa kitu kisicho cha ukoo wake. Kisimbuzi cha minara au cha ungo wa setilaiti hunasa kile ambacho tayari kimemwagwa hewani kwa watu wote. Ndiyo maana kitenzi chetu cha utangazaji ni kurusha: mtu hurusha mara moja, na wote walio chini hudaka. Kisanduku cha intaneti hakidaki kitu. Kituo huikata picha katika vipande vya sekunde chache, kila kipande kikahifadhiwa kwa ukubwa mbalimbali, na kisanduku huagiza kipande kimoja baada ya kingine, kikichagua kidogo au kikubwa kulingana na kasi ya mtandao kwa wakati huo. Utaratibu wa namna hii ulianza kuenea mwaka 2009, mwaka ule ule ambao mkongo wa baharini wa Seacom (wengine husema mkonga) ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai. Kabla ya hapo kutuma picha za video kutoka pwani yetu kwa njia ya setilaiti kulikuwa ghali mno. Vyombo vyenyewe vilifuatana upesi: Roku mwaka 2008, Chromecast mwaka 2013, Fire TV mwaka 2014.

Kuagiza vipande kunachukua muda. Shangazi, ambaye sasa ana kisanduku sahihi, hupigiwa simu na wajukuu wa Kariakoo kuambiwa kwamba Yanga imefunga bao, naye kwake mpira ungali katikati ya uwanja. Ameniuliza kama hayo ndiyo mubashara. Neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, kwa maana ya moja kwa moja, bila kitu katikati. Na hapa katikati kuna vitu vingi. Hata hivyo sioni sababu ya kulitupa.

Jambo zito zaidi liko katika kitenzi kutiririsha. Kwa umbo lake ni kitenzi cha kusababisha: mwenye kutiririsha ndiye anayeyafanya maji yatiririke. Lakini vijana husema "natiririsha mechi" wakiwa na maana kwamba wanaitazama. Katika mazungumzo hakuna hasara. Katika sheria hasara ipo. Fikirini mfasiri aliyepewa kifungu kinachomtia hatiani "mtu yeyote atakayetiririsha kazi ya mwingine bila ruhusa". Je, kinamkusudia aliyeiba mkondo wa kituo na kuusambaza, au aliyeuza kisanduku, au bibi aliyeketi sebuleni Muscat? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikumbana na jambo hili Aprili 2017, katika shauri la Uholanzi juu ya mtu aliyeuza visanduku vilivyokwisha kuwekewa viungo vya kazi zilizoibwa. Iliamua kwamba kuuza chombo cha namna hiyo ni kuifikisha kazi kwa umma, na kwamba hata nakala za muda zinazojitengeneza kwa mtazamaji hazikingwi. Muuzaji na mtazamaji walitazamwa kila mmoja kwa hoja yake. Mfasiri atakayewatia wote watatu katika kitenzi kimoja atakuwa ametunga sheria ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba kutiririsha kubaki kwa mpelekaji peke yake. Mpokeaji hutazama mkondo, na chombo chake kiitwe kisanduku cha mkondo. Kisimbuzi kibaki kwa vyombo vya minara na vya setilaiti.

Limebaki neno moja gumu. Haki za kuonyesha, hasa za mpira, huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo kituo hutazama anwani ya mtandao ya mtazamaji na kumfungia aliye nje ya mipaka. Umoja wa Ulaya ulilegeza kufuli hilo kwa Kanuni ya 2017/1128, inayotumika tangu tarehe 1 Aprili 2018: aliyelipia huduma nchini mwake aweza kuitazama akiwa kwa muda katika nchi nyingine mwanachama. Kwa muda, si kwa makazi, mhamiaji hakuhesabiwa. Kufunga huko tumependekezewa tukuite zuio la kijiografia, neno sahihi ambalo sijamsikia mtu akilitamka kwa hiari. Shangazi husema "wameweka pazia". Nimeyaandika yote mawili katika orodha itakayopelekwa kwenye kikao kijacho cha kamati, na walimu na wafasiri wenye neno jingine walilete kabla ya hapo.