Uhamiaji wa mwenza mwenye ulemavu

Uhamiaji wa mwenza mwenye ulemavu ni kuhama kwa mtu mwenye ulemavu kutoka nchi yake kwenda kuishi katika nchi ya mume au mke wake. Suala hilo linahusu pia ndoa ambayo mwenye ulemavu ni mwenyeji, na mgeni ndiye anayekuja kuishi naye. Makala hii inalieleza kwa kuangalia hasa mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Sheria nyingi za siku hizi hazimkatazi mtu kuingia nchini kwa sababu tu haoni, hasikii au hana mguu. Huuliza mambo mengine: ndoa ina cheti? Nani atamtunza? Ana ugonjwa wa kuambukiza? Ana akili timamu? Ulemavu huingia kwa mlango huo wa nyuma, na ndipo familia nyingi zinapokwama.

Mazingira ya Shinyanga na Geita

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wilaya za Bukombe na Mbogwe zilitoka Shinyanga. Msomaji akikuta habari za kabla ya mwaka huo zikitaja Shinyanga, akumbuke kwamba huenda mahali panapotajwa leo ni Geita.

Wenyeji wengi ni Wasukuma na Wasumbwa, lakini madini yameleta watu wa kila namna. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001 na Buzwagi 2009. Pamoja na migodi hiyo mikubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo. Tena barabara kuu ya malori itokayo Isaka hupita Kahama na Ushirombo kuelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga, yaani Rwanda na Burundi. Kwa hiyo ndoa kati ya Mtanzania na Mrundi, Mnyarwanda, Mganda au Mkongo si jambo la ajabu katika miji hiyo. Nyingi zimefungwa kimila, na nyingine hazikufungwa kabisa.

Kazi ya madini yenyewe huleta ulemavu. Duara likiporomoka, anayenusurika huweza kubaki na uti wa mgongo uliovunjika au mguu uliokatwa. Vumbi la mawe kwenye makarasha husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona ambao pia humfanya mtu apatwe na kifua kikuu kwa urahisi. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu hudhuru mishipa ya fahamu. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa ardhini kwa siku 41. Mwajiriwa wa mgodi uliosajiliwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Mchimbaji mdogo asiye na mkataba wa ajira kwa kawaida hutegemea ndugu, au mke.

Jambo la pili linaloitofautisha Kanda ya Ziwa ni ualbino. Inakadiriwa kwamba Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 hivi huzaliwa na ualbino. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino katika kanda hiyo, na pia ng'ambo ya mpaka nchini Burundi, walishambuliwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, vilivyodaiwa kuleta utajiri. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Watoto wengi walipelekwa kwenye kituo cha Buhangija, Shinyanga, ili walindwe. Kwa mtu mwenye ualbino anayeolewa au kuoa ng'ambo ya mpaka, swali la kwanza linaweza kuwa usalama kabla ya karatasi: kijiji anachohamia kinamfahamu nani, na nani atamlinda mume akienda machimboni?

Ndoa na ushahidi wake

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila. Kwa kawaida wachumba hutoa taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla. Mtu mwenye ulemavu wa mwili, kipofu au kiziwi anaoa na kuolewa kama mwingine yeyote. Sharti ni ridhaa. Sheria inahesabu kwamba ridhaa haikuwa huru ikiwa mhusika alikuwa na ugonjwa wa akili uliomzuia kuelewa maana ya tendo hilo. Kizuizi hicho kinahusu uelewa wa siku ile, wala si jina la ugonjwa. Tofauti hiyo husahauliwa mara kwa mara, hata na watu waliosoma.

Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo inasaidia mahakamani, katika mirathi au matunzo. Mbele ya dirisha la uhamiaji nguvu yake ni ndogo, maana afisa anataka cheti. Ng'ombe za mahari zilizopelekwa mbele ya kijiji kizima hazina cheti mpaka ndoa isajiliwe.

Kuhamia Tanzania

Mwenza wa kigeni huweza kuingia kwa hati ya mtegemezi, ambayo mwenyeji wake humwombea kwa kuonyesha kwamba ana uwezo wa kumtunza. Hati hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Ajira ya wageni inatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, inayotaka kibali cha kazi pekee. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu kiasi: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi anayehamia nchi nyingine mwanachama kufuatana na mwenza na watoto. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inawataja wahamiaji waliopigwa marufuku. Miongoni mwao ni mtu fukara, mtu mwenye ugonjwa wa akili, na mtu ambaye daktari amethibitisha kuwa ana ugonjwa wa kuambukiza unaohatarisha jamii, au anayekataa kupimwa anapotakiwa. Kipofu hatajwi, wala kiziwi, wala asiyetembea. Lakini neno fukara ni pana. Bibi harusi anayetembelea kiti cha magurudumu, ambaye mume wake naye anaishi kwa kuponda mawe kwenye karasha, anaweza kuulizwa maswali ambayo mwenzake mwenye miguu miwili hakuulizwa. Na kumweka mgonjwa wa akili katika orodha moja na wahalifu ni urithi wa fikra za zamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1905 iliwazuia wageni waliodhaniwa kuwa watakuwa mzigo kwa sababu ya maradhi au udhaifu wa mwili, na Marekani ilikuwa imetunga ya kwake mwaka 1882 kwa maneno yanayofanana.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Ibara ya 18 ya mkataba huo inahusu uhuru wa kwenda popote na haki ya uraia, na ibara ya 23 inahusu ndoa na familia.

Uraia: mke na mume si sawa

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, nayo haitokani na ulemavu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuandikishwa uraia akiomba. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Yeye huomba kama mgeni mwingine: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua saba, awe na tabia njema na ajue Kiswahili au Kiingereza. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inampa haki ya kuandikishwa mtu yeyote, mke au mume, aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka saba.

Kwa hiyo mwanamume kiziwi kutoka Uganda aliyemwoa mwalimu wa Kahama anabeba mizigo miwili. Kwanza ni mwanamume. Pili, masharti yanataja Kiswahili au Kiingereza, wala hayataji lugha ya alama. Ikumbukwe kwamba lugha za alama si moja duniani: ya Uganda na ya Tanzania ni lugha mbili tofauti, na mkalimani wa huku huenda asielewane naye vizuri.

Njia ya mke nayo ina kasoro yake. Haki ya kifungu cha 11 hutumika wakati mume yu hai. Katika machimbo hilo si jambo dogo. Mwanamke Mrundi aliyeishi Bukombe miaka mingi bila kuandikisha ndoa wala kuomba uraia, akimuuguza mume mwenye silikosisi, siku ya msiba anajikuta mgeni nyumbani kwake. Akiwa yeye mwenyewe ana ulemavu, kurudi kwao baada ya miaka hiyo ni kazi nzito zaidi. Anayetaka kutumia njia hiyo hana sababu ya kungoja mpaka mume alazwe. Ajue pia kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo atalazimika kuukana ule wa kwanza.

Kuhamia nchi za mbali

Mtu wa Shinyanga mwenye ulemavu anayemfuata mwenza Ulaya, Amerika au Australia hukutana na vipimo viwili: afya na fedha.

Kanada ina utaratibu ulio wazi kuliko nyingi. Mwombaji wa kawaida anaweza kukataliwa ikiwa matibabu yake yanakadiriwa kuigharimu serikali kupita kiasi, lakini sheria ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2002, inawasamehe wenza na watoto wanaodhaminiwa na familia. Bado hupimwa, na wanaweza kukataliwa kwa sababu ya hatari kwa afya au usalama wa umma. Mdhamini anayepokea msaada wa serikali kwa sababu ya ulemavu hazuiwi kumleta mwenza wake.

Uingereza hutazama zaidi mfuko. Tangu Aprili 2024 mdhamini anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 za awali. Mdhamini anayelipwa posho fulani za ulemavu au za kumhudumia mwenye ulemavu hadaiwi kiasi hicho. Anaonyesha tu kwamba familia itajitosheleza. Mtihani wa Kiingereza husamehewa kwa asiyeweza kuufanya kwa sababu ya ulemavu, na Ujerumani ina msamaha kama huo kwa Kijerumani. Mwombaji kutoka Tanzania anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kuwa na cheti cha kupimwa kifua kikuu. Mchimbaji wa zamani mwenye makovu kwenye mapafu ajiandae kwa hilo, kwani picha yenye alama huweza kuleta vipimo vya makohozi na kungoja wiki kadhaa kabla cheti hakijatolewa.

Marekani inamtaka mdhamini awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na akipungukiwa mtu mwingine anaweza kudhamini pamoja naye. Baadaye, katika kuomba uraia, mwenye ulemavu unaomzuia kujifunza husamehewa mtihani wa lugha na historia kwa cheti cha daktari. Australia ina sharti la afya hata kwa wenza, ila linaweza kulegezwa kwao. Nchi hiyo ilipouridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu ilitamka kwamba mkataba haugusi masharti yake ya afya kwa wageni. Uingereza nayo iliweka akiba kuhusu uhamiaji.

Kabla ya yote hayo kuna safari ya karatasi. Watu wazima wengi wa vijijini hawakuandikishwa walipozaliwa, na huanza kwa kutafuta cheti cha kuzaliwa cha kuchelewa kutoka RITA. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam, zilipo balozi nyingi, ni takriban kilomita 1,000 kwa basi, na asiyeona au asiyetembea hulipa nauli ya watu wawili. Aliyekatwa mkono au vidole aseme mapema; taratibu za alama za vidole za nchi hizo zinaruhusu kuandika kidole kisichokuwepo.

Kurudi

Ndoa ikivunjika au mwenza akifariki, wengine hurudi. Mtanzania mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza ule wa Tanzania, na anaporudi Kishapu au Nyang'hwale huhesabiwa si raia tena. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ilivyotungwa awali, ilisema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Aliyebaki na hadhi ya mkazi wa kudumu tu huko alikokuwa, bila kuchukua uraia, anarudi na pasipoti yake ileile na shamba la baba yake.