Meya, bakteria na wananchi: Cambridge walivyoamua kuhusu uhandisi jeni

Leo tuiache kompyuta kidogo tuzungumzie msimbo wa aina nyingine, ule ulioandikwa ndani ya chembe hai. Kila mara mjadala wa vyakula vya GMO unapozuka hapa Kenya, maneno huwa ni yale yale. Upande mmoja unasema wananchi hawajui kitu, waelimishwe. Upande wa pili unasema wataalamu wamenunuliwa. Mwananchi mwenyewe, ambaye ndiye mla ugali, haulizwi chochote.

Kuna mji mmoja uliojaribu njia nyingine mapema sana, mwaka 1976. Mji huo ni Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, penye vyuo vikuu vya Harvard na MIT. Kisa chake hakijulikani sana huku kwetu, kwa hiyo hebu tukipitie.

Tuanze na teknolojia yenyewe. Mwaka 1973 Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kwamba unaweza kukata kipande cha DNA, kukibandika kwenye plasmidi (kiduara kidogo cha DNA kinachoishi ndani ya bakteria), kisha kuirudisha plasmidi hiyo ndani ya bakteria anayeitwa E. coli. Bakteria wakizaana, kipande kile kinanakiliwa pamoja nao. Yaani kata na bandika, kama tunavyofanya na maandishi. Tofauti ni kwamba hati hii inajinakili yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, tena E. coli ni mkazi wa kawaida wa matumbo ya binadamu. Hapo ndipo hofu ilipoanzia. Je, mtu akibandika jeni ya kirusi cha saratani ndani ya bakteria wa namna hiyo, kisha bakteria akatoroka maabara?

Waliouliza swali hilo kwanza ni wanasayansi wenyewe, na tuwape haki yao. Julai 1974 Paul Berg na wenzake walichapisha barua wakiomba baadhi ya majaribio yasitishwe kwa hiari. Februari 1975 watu wapatao 140 walikutana Asilomar, California, kupanga kanuni za usalama. Lakini karibu wote walikuwa wanasayansi, pamoja na wanasheria na waandishi wa habari wachache. Anayefagia maabara hakualikwa, wala jirani anayeishi ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, zikatunga kanuni zilizopanga maabara katika madaraja manne, kuanzia P1 ya kawaida hadi P4 yenye ulinzi mkali kabisa.

Harvard ilitaka kujenga maabara ya daraja la P3 ndani ya jengo lake la biolojia. Jengo lenyewe lilikuwa la zamani na lilikuwa na sisimizi waliokataa kuisha. Baadhi ya maprofesa wa humo humo walipinga, wakiwemo Ruth Hubbard na mumewe George Wald, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1967. Hoja yao ilikuwa rahisi: kama mmeshindwa kuwazuia sisimizi, mtawazuiaje bakteria? Gazeti moja la Boston likaichapisha habari hiyo Juni 1976, nayo ikamfikia meya.

Meya Alfred Vellucci alikuwa mwanasiasa wa mitaa ya wafanyakazi, na ugomvi wake na Harvard ulikuwa wa miaka mingi. Aliwahi kupendekeza uwanja maarufu wa chuo hicho ugeuzwe kuwa maegesho ya magari! Aliitisha kikao cha hadhara tarehe 23 Juni 1976, siku ile ile ambayo NIH ilitoa kanuni zake. Ukumbi ulifurika. Kabla ya mashahidi kuanza kuongea, Vellucci aliwapa sharti moja: waache vifupisho vyao vya herufi, kwa sababu wengi waliomo ukumbini, yeye akiwemo, ni watu wa kawaida na hawaielewi alfabeti ya wanasayansi.

Sisi watengenezaji wa programu tuna ugonjwa huo huo. Mteja anauliza kwa nini mfumo umekwama, nasi tunamjibu kwa herufi tatu tatu hadi anyamaze. Tunadhani ameelewa, kumbe amechoka tu. Sharti la Vellucci liliwalazimisha watu wenye shahada nyingi kueleza hatari na faida kwa maneno ambayo mpiga kura angeweza kuyapima.

Baada ya kikao cha pili, mwezi Julai, baraza la mji lilisitisha majaribio ya P3 na P4 kwa miezi mitatu, na baadaye muda huo ukaongezwa. Wanasayansi wengi walikasirika. Waliona kwamba madiwani wasiojua DNA ni nini hawana haki ya kuamua nani afanye utafiti gani.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonivutia mimi. Mji uliunda kamati ya watu wanane, na mtafiti wa uhandisi jeni hakuwekwa hata mmoja. Mwenyekiti, Daniel Hayes, alikuwa mfanyabiashara wa mafuta aliyewahi kuwa meya. Walikuwemo pia mtawa aliyekuwa muuguzi, daktari, mhandisi wa majengo, diwani mstaafu, mwanaharakati wa mtaani, na mwalimu wa chuo aliyesomea falsafa, Sheldon Krimsky. Walianza kazi mwishoni mwa Agosti 1976. Walisoma, wakatembelea maabara, wakawaita mashahidi wa pande zote mbili, na wakawasikiliza walipokuwa wakihojiana mbele yao. Kusikiliza ushahidi peke yake kulichukua zaidi ya saa 75.

Januari 1977 walitoa ripoti. Wapinzani walitarajia katazo, na watafiti waliogopa katazo. Kamati haikukataza. Ilisema utafiti wa P3 uendelee chini ya kanuni za NIH, ila kwa masharti ya ziada: wafanyakazi wa maabara wafundishwe na afya yao ifuatiliwe, na mji uwe na kamati yake ya kusimamia usalama. Tena waliziba pengo kubwa. Kanuni za NIH ziliwabana tu waliopokea fedha zake, kwa hiyo kampuni binafsi ingeweza kufanya ilivyotaka. Kamati ikataka kanuni zimfunge kila mtu ndani ya mji. Tarehe 7 Februari 1977 baraza likapitisha sheria ndogo juu ya msingi huo, ya kwanza ya aina yake kwa mji wa Marekani. Majaribio ya P4 yalikatazwa.

Yaani watu wasio wataalamu walipewa nyaraka, muda na mamlaka ya kuuliza, wakaona hitilafu ambayo wataalamu waliiacha. Kama umewahi kumpa mtu wa kawaida programu yako aijaribu, hutashangaa.

Msidhani hofu yote iliisha. Mwaka huo huo wa 1977 Vellucci aliuandikia uongozi wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani akitaka uchunguzi kuhusu viumbe wa ajabu waliosemekana kuonekana maeneo ya New England, mmoja mwenye macho ya rangi ya machungwa, na kama vina uhusiano na majaribio ya DNA. Wengi walicheka, na mimi pia nilicheka niliposoma. Lakini mtu huyu huyu ndiye aliyeuliza swali la maana, kwamba nani anaamua. Mtu anaweza kukosea jibu akawa na haki kwenye swali.

Na je, sheria ile iliua sayansi ya Cambridge kama ilivyotabiriwa? Hapana. Mwaka 1981 mji uliirekebisha ili ishughulikie pia kazi za kibiashara, na mwaka 1982 kampuni ya Biogen ikafungua maabara zake huko. Wawekezaji walipenda mahali ambapo masharti yanajulikana mapema na majirani wameshasikilizwa. Leo mtaa wa Kendall Square ni miongoni mwa vituo vikubwa vya bioteknolojia duniani. Moderna ilianzishwa Cambridge mwaka 2010, na chanjo yake ya korona ilifika hata Kenya mwaka 2021. Utengenezaji wa chanjo hiyo huanza na plasmidi zinazokuzwa ndani ya E. coli, bakteria yule yule aliyezua kelele.

Sasa tujitazame wenyewe. Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama wa Kibayolojia mwaka 2009, ikaunda na mamlaka ya kusimamia mambo hayo. Hata hivyo, Novemba 2012 baraza la mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, baada ya utafiti wa panya wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa kuchapishwa Septemba mwaka huo. Jarida lililouchapisha liliuondoa Novemba 2013, ingawa mwaka 2014 ulichapishwa tena kwingine. Marufuku ilibaki. Oktoba 2022, wakati wa ukame mkali, baraza la mawaziri likaiondoa, na kesi zikafuata mahakamani. Miongoni mwa malalamiko ni kwamba wananchi hawakushirikishwa.

Angalieni basi: tulifungiwa mlango kwa tangazo, tukafunguliwa kwa tangazo. Hata kama mmoja wa uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, mwananchi hana namna ya kujua kwa nini, ndiyo maana uvumi unapata nafasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Warsha ya siku moja hotelini, yenye chai na slaidi za kuwaambia watu wasiogope, haitoshi kuitwa ushiriki.

Cambridge ni mji tajiri wenye vyuo viwili vikubwa, nasi hatufanani nao. Lakini kilichowasaidia hakikuwa ghali: watu wanane, nyaraka, miezi michache, na haki ya kumwambia profesa arudie kwa maneno mepesi. Kaunti zetu 47 zina wauguzi, mafundi, wakulima na walimu wa kutosha. Teknolojia ya kuhariri jeni imeshafika na maombi yataendelea kuja, ya mahindi, mihogo, mifugo na dawa. Kama kaunti yako ingeunda kamati kama ile kesho, wewe ungewaweka akina nani, na swali lako la kwanza kwa wanasayansi lingekuwa lipi?