Jumla za Hamoniki na Thamani za Zeta

Jumla za hamoniki ni zile zipatikanazo kwa kukusanya moja, nusu, theluthi, robo, na kuendelea hivyo hadi sehemu ya n. Nazo, ijapokuwa kila sehemu ni ndogo kuliko iliyoitangulia, hukua bila ya kikomo, kama alivyothibitisha mwanachuoni wa Kifaransa Nicole Oresme yapata mwaka 1350. Muuza vitabu wa Kariakoo akipanga mezani vitabu vinne vigumu vilivyo sawa, akakitokeza cha juu kabisa kwa nusu ya urefu wake kupita kilicho chini yake, cha pili kwa robo, cha tatu kwa sudusi na cha nne kwa thumuni, mitokezo hiyo, ambayo ni nusu ya sehemu nne za kwanza za hamoniki, kwa jumla ni 25/24 ya urefu wa kitabu, hata akipunguza kiasi cha unywele ili rundo lisianguke, kitabu cha juu kitakuwa kizima nje ya ukingo wa meza. Na lau angekuwa na vitabu vya kutosha, angekifikisha ng'ambo ya Mtaa wa Msimbazi.

Ukuaji huo hutulia pale kila jumla ya hamoniki, tuiite H(n), inapogawanywa kwa mraba wa n na matokeo yote yakakusanywa. Leonhard Euler, Mswisi aliyekwisha kuonyesha mwaka 1735 kwamba ζ(2), yaani jumla ya 1/n² kwa n zote, ni π²/6, aliyachungua mambo haya katika barua alizoandikiana na Christian Goldbach tangu 1742, na kwake tumepata kwamba jumla ya H(n)/n² ni maradufu ya ζ(3), ambayo ni takriban 1.20206. Njia ya kuiunganisha jumla hiyo na ζ(3) ni nyepesi, nayo yastahili kushikwa: katika H(n) tenga sehemu ya mwisho, 1/n, ambayo ikigawanywa kwa n² hutoa 1/n³, na jumla yake ni ζ(3), yaliyosalia ni jumla ya 1/(n²m) kwa kila m iliyo ndogo kuliko n, na hiyo ndiyo ζ(2,1), zeta yenye vipeo viwili. Uzito wote wa burhani, basi, umo katika kudhihirisha kwamba ζ(2,1) ni sawa na ζ(3).

Mraba wa H(n) nao, ukigawanywa kwa n², hutoa jumla ya 17π⁴/360, tokeo ambalo Enrico Au-Yeung, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alilikisia kwa tarakimu mwaka 1993, na David na Jonathan Borwein wakalitolea burhani. Zeta za vipeo vingi zilipata nadharia yake ya jumla kwa kazi za Michael Hoffman na Don Zagier katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Roger Apéry alikuwa amethibitisha mwaka 1978 kwamba ζ(3) haiandikiki kama sehemu ya namba kamili mbili. Kuhusu ζ(5), burhani kama hiyo ingali ikitafutwa.