Rangi ya Dizeli Juu ya Maji

Baba yangu alikuwa fundi wa polishi Majengo, Mombasa. Kitanda kikiletwa kimekwaruzwa, kimebabuka vanishi, alikipiga msasa mpaka mbao ikatoka uchi, kisha akaanza upya: pamba ndani ya kitambaa, polishi ya spiriti, mkono ukizunguka polepole tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wateja walilipa bila kubisha. Nakumbuka bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyeleta kiti cha enzi cha babu yake, kimeingia weusi wa mikono ya vizazi vitatu. Tulikisugua siku mbili, mimi nikishika miguu. Alipokiona kinang'aa alilia kwa furaha, akatuletea halua.

Ujuzi huo ndio ulionipatia kazi Utica, jimbo la New York, na ndio nusura uninyang'anye.

Mji huu umejaa watu waliokuja kutoka mbali. Sokoni utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Wabantu wa Somalia, na changu mimi ambacho wenzangu husema kina madaha. Lakini zamani sehemu hii ya jimbo ilijulikana kwa bunduki. Remington walikuwa Ilion, nusu saa kwa gari, mpaka kiwanda kilipofungwa 2024. Kampuni ya Ithaca ilikuwa mjini Ithaca. Fulton, kaskazini ya Syracuse, ndiko zilikotoka L.C. Smith. Hapa hapa Utica, kampuni ya Savage ilihamishia utengenezaji wa bunduki za A.H. Fox baada ya kuinunua kampuni hiyo ya Philadelphia mwaka 1929. Ndiyo maana hadi leo, mzee akifariki huku, wanawe hufungua kabati na kukuta bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, na hawajui ni mali au ni chuma chakavu.

Karakana niliyoajiriwa hupokea bunduki hizo, huzikagua na kuzitengeneza. Mimi niliwekwa upande wa mbao. Mwezi wa kwanza nikapewa kitako cha bunduki ya Parker, nikaambiwa nikipake mafuta kidogo. Nilikitazama nikaona aibu: kimekwaruzika, kimefifia, jasho limekitia weusi pale panaposhikwa. Nikakipiga msasa. Nilikipiga kama Baba alivyonifunza, nikakipaka polishi mara sita, kikawa kioo.

Mzee mwenye karakana aliporudi hakugomba. Alipitisha ukucha wa kidole gumba pale mbao inapokutana na chuma, akaurudisha, akavuta kiti akaketi. "Sikia," akaniambia, "weka ukucha wako hapa." Niliuweka. Ukapanda kutoka kwenye mbao kwenda kwenye chuma kama mtu anayepanda kizingiti. Akatoa Parker nyingine kabatini, chafu, haijaguswa. Huko kizingiti kilikuwa upande wa pili: mbao ilisimama juu ya chuma kwa unene wa karatasi. Ndivyo zilivyotoka Meriden, Connecticut, zote. Fundi wa kiwanda aliacha mbao izidi kidogo kwa makusudi. Msasa wangu ulikuwa umeila ile ziada, na hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Bunduki ile iliuzwa kwa nusu ya bei iliyotarajiwa. Alinikata mshahara kidogo, lakini hakunifukuza, na tangu siku hiyo akaanza kunifundisha kutazama.

Charles Parker alianza na vinu vya kusagia kahawa, miaka ya 1830. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja akatengenezea serikali ya Muungano bunduki za kijeshi, na vilipokwisha akabaki na mashine na mafundi wasio na la kufanya, akageukia bunduki za ndege. Tangu miaka ya 1860 hadi kampuni ilipouzwa kwa Remington mwaka 1934, na kwa miaka michache baadaye huko Ilion, zilitoka Parker kama 242,000. Ni nyingi, lakini zilizobaki na sura waliyozipa mafundi wa kwanza ni chache, na hizo ndizo wenye pesa huzitafuta.

Sura hiyo kwanza ni rangi. Bodi ya chuma, yaani ule mwili unaobeba mitambo, ilitengenezwa kwa chuma laini ili ichongeke nakshi. Ikishachongwa ilipaswa kufanywa ngumu kwa nje tu. Walizipanga bodi ndani ya sanduku la chuma, wakazizika kwa makaa ya mbao na mifupa iliyochomwa, wakafunika, wakatia tanuruni kwenye nyuzi za Selsiasi zaidi ya 700 kwa saa kadhaa. Kaboni ya makaa ikapenya ngozi ya chuma. Kisha kila kitu kikamwagwa kwa mara moja katika maji yanayotoa mapovu kwa hewa iliyopulizwa kutoka chini. Chuma kikatoka kigumu juu, laini ndani, na juu yake rangi: buluu, kahawia, zambarau, majivu, zimechanganyika bila mpango. Mzee wangu huzifananisha na majani ya vuli. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nilikumbuka maji ya bandari ya zamani pale Mombasa, jahazi likishamwaga dizeli kidogo na jua likapiga.

Rangi hizo ni nyembamba kupita kiasi. Ugumu umeingia ndani ya chuma, lakini rangi zimekaa juu tu kama pumzi kwenye kioo. Kiwanda kilizipaka vanishi ili zidumu, na hiyo vanishi nayo huzeeka, hugeuka rangi ya chai. Mkono, jasho na mwanga huzila. Swali kwa hiyo si kama rangi ipo. Swali ni imekwenda wapi, na kwa njia gani.

Mwindaji akitembea na bunduki huibeba mkono mmoja, pale inapopata uzani, na pale ni tumboni mwa bodi, mbele kidogo ya kifyatuo. Hapo ndipo rangi hufa kwanza. Chuma hubaki na weupe wa fedha iliyochakaa. Kisha pembeni. Mwishoni kabisa hubaki katika mikunjo: nyuma ya kikingo cha kifyatuo, kwenye mabonde ya nakshi, na pale ambapo jua halifiki. Ondoa kipande cha mbao ya mbele, kunjua mitutu, tazama uso bapa ambamo mitutu hulala ikifungwa. Hapo rangi hukaa mbichi hata baada ya miaka 100. Bunduki ya kweli ina giza la rangi ndani na weupe nje, na kati yake hakuna mpaka mkali, rangi hufifia taratibu.

Ukikuta tumbo linang'aa kwa rangi, na midomo ya mitutu imechakaa mpaka nyeupe, rudisha mezani. Mikono gani hiyo iliyoshika mbele isishike katikati? Na ukikuta rangi zimejipanga michirizi michirizi kama ngozi ya chuimilia, jua hiyo ni kazi ya chumvi za sayanaidi, njia ya haraka iliyotumika kwa bunduki za bei nafuu. Kwenye Parker si mahali pake. Wengine huchukua moto wa gesi wakababua chuma mpaka kikapata buluu. Hao hata sina la kusema juu yao.

Nakshi husema zaidi. Aliyetaka kupaka rangi upya lazima kwanza asugue, na kusugua hula kingo. Kwenye bunduki isiyoguswa, mkato wa patasi bado una ukali, ukipitisha kidole unakwaruza. Iliyosuguliwa ina ndege wenye mabawa ya duara kama sabuni iliyotumika, na herufi za jina la kiwanda zimekaa kwenye kijibonde. Mimi hutumia kioo cha kukuza, lakini mzee hufumba macho na kugusa.

Mitutu ina habari nyingine. Weusi wake wenye buluu ndani ni kutu, na hili lilinichekesha sana, maana kwetu pwani kutu ni adui wa kila kitu. Walipaka dawa ya asidi, wakaacha mitutu ishike kutu nyekundu katika sanduku lenye unyevu, wakaichemsha majini, ile nyekundu ikageuka nyeusi, wakaisugua kwa brashi ya waya laini, wakarudia tena na tena kwa siku kadhaa. Hawakuwa na njia ya mkato, kwa sababu mitutu miwili ya namna hii imeunganishwa kwa lehemu. Baadaye ilipoenea njia ya kuchemsha bunduki katika kostiki soda na nitrati, mafundi wasiojua waliitumbukiza hata mitutu miwili. Kostiki hula lehemu, hubaki imejificha chini ya ule ubapa wa katikati, na miaka ikipita ubapa unabanduka. Kwa hiyo weusi mzito unaong'aa kama kiatu cha askari unatutisha mara mbili: si wa asili, na huenda mitutu imeshaanza kuachana.

Za zamani zaidi zina mitutu ya damaski, iliyoagizwa Ubelgiji, mji wa Liège. Nyuzi za chuma na za pua zilisokotwa, zikapigwa pamoja, ukanda ukazungushwa kama ukili unavyozungushwa kushonwa mkeka. Michoro hiyo ililetwa juu kwa asidi. Iliyofifia kwa uzee huonekana kama mshono chini ya kitambaa. Iliyofanywa upya hupiga kelele. Baadaye vikaja vyuma vya jina kubwa: Vulcan kwa Parker za bei ya chini, Titanic kwa za juu kidogo. Jina hilo Parker walilitumia kabla ya ile meli kuzama, na hawakulibadilisha.

Skrubu ni kama mashahidi watoto, hawajui kudanganya. Kiwandani zilikazwa mpaka mfuo wa kila kichwa ukalala sambamba na mitutu. Ukikuta umepinda, au kingo zimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake, mtu ameingia.

Za L.C. Smith nimezipenda kwa sababu ya mwenyewe. Lyman Smith wa Syracuse aliuza biashara ya bunduki kwa ndugu wa Hunter wa Fulton mwishoni mwa miaka ya 1880, akahamia mashine za kupiga chapa. Jina lake baadaye likawa nusu ya Smith-Corona, ambazo makarani wa kwetu wengi walizijua bila kujua asili yake. Na aliyebuni mtambo wa bunduki ile, Alexander Brown, ndiye aliyembunia Smith na taipureta. Smith ina mabamba ya mitambo yaliyozama ubavuni mwa mbao, na mbao nyuma yake hupasuka kwa kawaida. Ukiona Smith ya umri mkubwa haina hata unywele wa ufa, na kitako kinang'aa, uliza gundi imewekwa lini.

Kuna bunduki moja ya jamii hii iliyowahi kupita kwetu. Roosevelt alipomaliza urais wa Marekani alishuka Mombasa Aprili 1909, na katika mizigo yake mlikuwamo A.H. Fox ya daraja la juu, aliyopewa na Ansley Fox mwenyewe. Ilivuka Kenya na Uganda pamoja naye kwa miezi mingi, ikipiga ndege wa kuliwa na wa makumbusho ya Washington. Mwaka 2010 iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Nikiifikiria hufikiria unyevu wa Mombasa na mikono ya wapagazi waliotembea nayo, ambao majina yao hayamo katika bei ile.

Pale mzee na mimi tunapoachana ni hapa. Parker walipokea bunduki za wateja kurudishwa rangi kiwandani. Basi bunduki ya mwaka 1905, iliyorudi Meriden 1925, ikapakwa na mafundi wale wale, katika makaa yale yale ya mifupa, si ya asili? Mzee asema si ya asili, kwisha. Mimi nasema ni ya asili mara mbili. Vitabu vya oda vya kiwanda vingi vipo, na chama cha wakusanyaji wa Parker hutoa barua kwa namba ya bunduki: urefu wa mitutu, daraja, aliyeagiza. Barua ikionyesha imerudi kiwandani mzee hukunja uso, nami huichukua kwangu niitazame kwa raha.

Mwezi uliopita mjane mmoja alileta Parker ya daraja la VH ndani ya mfuko wa mto. Tumbo jeupe, kitako cheusi kwa jasho la marehemu, michoro ya almasi penye mkono imelala bapa. Mbao ilisimama juu ya chuma. Skrubu zote zililala njia moja. Nilipoondoa mbao ya mbele, bandari ya Mombasa ikafunguka. Nilipangusa kwa kitambaa na tone la mafuta, nikairudishia kama ilivyokuja, nikampigia Baba simu ya video nikamwonyesha.

"Mbona hamjaipiga polishi?" akauliza. "Mteja hana pesa?"

Nikamweleza. Nikamtajia bei yake, na bei ambayo ingekuwa kama tungeisugua. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama namkumbuka yule bibi wa kiti cha enzi, na kama nimesikia lolote, bado yuko hai au vipi.