Kiti cha Mfungaji

Mshambuliaji akishatundika daluga anakwenda wapi?

Swali hili si langu. Liliulizwa na kijana mmoja pale kwenye kahawa, Kibiti mjini, usiku wa mechi ya Ulaya. Kwenye televisheni alikuwa amekaa mfungaji wa zamani, suti imemkaa, anaeleza kwa nini fulani kakosa goli. Mzee mmoja akashusha kikombe chake akajibu: "Kule wanampa kiti, mjukuu wangu. Huku kwetu wanampa pole."

Tulicheka. Lakini mimi niliondoka na neno lile.

Tutazame kwanza hao wa kule. Juni 11, 1986, mjini Monterrey, Mexico, Gary Lineker wa Uingereza aliifunga Poland magoli matatu, yote kipindi cha kwanza. Akamaliza Kombe la Dunia akiwa mfungaji bora, magoli sita. Alipoacha mpira akahamia mbele ya kamera, na kuanzia 1999 hadi 2025 ndiye aliyeongoza kipindi cha soka cha Jumamosi usiku cha BBC. Hao Poland nao walikuwa na mtu wao, Grzegorz Lato, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1974 kwa magoli saba. Yeye alikuja kuwa seneta, kisha rais wa chama cha soka cha nchi yake. Kila mmoja alipata mahali pa kusemea.

Sasa turudi nyumbani. Na sisi tunaye mtu wa magoli matatu.

Abdallah Kibadeni, waliyemwita King, alikuwa mfupi wa umbo, lakini mabeki walimjua. Aliichezea Simba tangu enzi ikiitwa Sunderland, kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Mwaka 1974 alikuwamo katika kikosi kilichofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Simba iliifunga Mehalla ya Misri 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 kule kwao, ikatolewa kwa penalti.

Halafu ikaja Julai 19, 1977. Simba 6, Yanga 0. Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" akafunga mawili, na moja beki wa Yanga, Selemani Sanga, alijifunga mwenyewe. Simba walikuwa na deni la miaka tisa, maana Juni 1, 1968 Yanga waliwafunga 5-0. Siku ile deni likalipwa na riba juu.

Hapa ndipo babu yangu anapoingia. Babu alikuwa na shamba la mpunga Mbwera, huku delta, na jirani zake wakivua kamba kwenye mikono ya mto. Siku ile alikuwa juu ya dungu lake, redio ya betri imetundikwa kwenye nguzo. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilikuja 1994. Kwa hiyo mtu wa delta hakumwona Kibadeni. Alimsikia. Mtangazaji wa Radio Tanzania ndiye aliyekuwa macho yake, na mpira ulipokwisha, wavuvi na wakulima wenyewe ndio waliokuwa wachambuzi. Nani kamwachia nani? Kipa alisimama wapi? Ubishi ulipanda mtumbwi hadi Nyamisati, ukapanda lori hadi Kibiti, na kila ulipofika goli lilikuwa limeongezeka chenga moja.

Tena babu alikuwa Yanga, Yanga wa damu. Ungedhani angelizika lile jina la Kibadeni. Wapi! Alilieleza kwa heshima, ila hakukosa kuongeza: "Walitukuta tumegawanyika." Na hakusema uongo. Mgogoro wa 1976 uliipasua Yanga, wachezaji wazuri wakaondoka, ikazaliwa Pan African. Je, yale magoli matatu yanapungua thamani kwa sababu hiyo? Watu wa Simba wanasema hata kidogo. Mimi nasema goli halipungui, lakini historia isiyotaja mpasuko ule ni historia nusu.

Basi Kibadeni akaacha kucheza. Akaenda wapi? Studio ya kumkalisha mchezaji wa zamani ili achambue haikuwapo. Redio ilikuwa moja, ya serikali. Kilichokuwapo ni benchi. Akawa kocha, na mwaka 1993 akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Walitoka sare 0-0 na Stella kule Abidjan, na watu wakaanza kulihesabu kombe. Novemba ile, Uwanja wa Taifa, mbele ya Rais Mwinyi, Stella walishinda 2-0. Fikiria, msomaji: mtu aliyefunga matatu katika uwanja uleule amekaa pembeni, hawezi kuingia kufunga hata moja.

Mwaka uliofuata Radio One na ITV zikaanza, na uchambuzi pole pole ukawa kazi ya mtu. Baadaye tukawasikia wachezaji wenyewe, kama Ally Mayay aliyekuwa kiungo wa Yanga, wakieleza mpira kwa lugha ya aliyeucheza. Kiti kikapatikana, lakini kizazi cha 1977 kilikuwa kimeshazeeka. Kibadeni aliendelea na filimbi: akafundisha klabu kadhaa, akaanzisha kituo cha kulea vipaji vya watoto, akarudi Simba 2013 na kuondoka kabla mwaka haujaisha.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu ya mwaka 2017. Huku kwetu, kati ya 2015 na 2017, viongozi wa vijiji, askari na raia waliuawa mmoja mmoja. Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa Mkengeni. Bodaboda zikapigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Kahawa ikafungwa magharibi, na kikao chetu cha wachambuzi kikanyamaza kimya. Babu, aliyekuwa amehamia Kibiti uzeeni, alifunga mlango, akapunguza redio hadi ikawa kama mbu, na gizani akanisimulia mechi ya 1977, goli baada ya goli, mpaka sita. Nilikuwa kijana wa sekondari. Nadhani alitaka nisisikilize kilichokuwa nje.

Babu hayupo tena. Kahawa imefunguliwa, ubishi umerudi. Juzi niliwauliza wazee pale: goli la pili la Kibadeni aliligusaje? Mmoja akasema kichwa. Mwingine akasema mguu, tena akaapa. Ya Lineker yote matatu yamehifadhiwa kwenye filamu, na hata mtoto wa Nyamisati akiwa na simu anaweza kuyatazama. Ya Kibadeni, sisi watu wa redio tuliyahifadhi vichwani mwa wazee, na wazee wale wanapungua kila mwaka.

Nimenunua daftari. Kesho nitawahi kahawani kabla hawajaanza kubishana.