Bomba la Mgongoni na Mlango wa Bibi

Juzi tulizunguka kambini na watu wa kupulizia dawa ya mbu. Kazi yangu ni kutangulia na kupiga hodi. Bibi mmoja akatuona, akafunga mlango. "Mwanangu, sijui hayo maji ya mgongoni ni ya nini. Piteni tu." Wenzangu wakacheka, eti bibi mshamba. Na mimi nikacheka.

Sasa sicheki tena, maana nimesoma historia ya lile bomba.

Huko Médoc, Ufaransa, wakulima walikuwa wanaibiwa zabibu na wapita njia. Wakachanganya mrututu na chokaa, wakarashia mizabibu ya kando ya barabara ili ionekane ina sumu. Mwaka 1882 ugonjwa wa ukungu ulikuwa unapukutisha majani mashambani, lakini profesa Millardet akaona mizabibu ile ya barabarani bado ina majani yake. Kumbe kitisho kilikuwa dawa! Mwaka 1885 akaitangaza. Mwanzo watu walirashia kwa vifagio, dawa inamwagika ovyo. Ndipo mafundi kama Victor Vermorel wakatengeneza bomba la kubeba mgongoni: unapiga mpini, maji yanabanwa, yanapenya tundu dogo na kutoka kama umande.

Mwaka 1915, vitani Ubelgiji, Wajerumani wakafungulia gesi ya klorini, ikaua askari wengi. Waingereza wakaingiza mabomba yale yale ya Vermorel kwenye mahandaki, wakapuliza maji ya dawa ili kuvunja nguvu ya gesi.

Halafu ikaja Ebola kwetu Kivu Kaskazini, 2018 hadi 2020. Safari hii bomba lilibeba klorini yenyewe, imechanganywa na maji, kusafisha nyumba za wagonjwa. Kitu kilichoua kule, huku kiliokoa. Lakini watu waliona tu wageni waliojifunika uso wakipuliza. Wengine wakakimbia, wengine wakarusha mawe.

Basi bibi hakuwa mshamba. Bomba ni lile lile. Kwa macho huwezi kujua limebeba nini. Kesho yake nilirudi peke yangu, nikakaa, nikamweleza dawa ni ipi, inapulizwa wapi, na kwa nini vyombo vya chakula vitolewe nje. Aliuliza mengi. Swali moja lilinishinda, nikamwita msimamizi wetu akajibu. Ndipo bibi akafungua mlango.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kujaza bomba, kaeni kwanza na mwenye nyumba. Na sisi vijana, tuache kucheka.